Tovuti Iliyojua Neno Moja Tu

Mimi nina hasira za karibu. Watu wa kwetu Migwani watakuambia hivyo hata kabla hujauliza. Ndiyo maana mtu akiingia ofisini mwangu kuisema kazi yangu vibaya, humwacha amalize kwanza huku nikihesabu vidole vya mkono mmoja chini ya meza, ndipo nimjibu. Siku hiyo nilihesabu vidole vya mikono yote miwili.

Aliyeingia alikuwa msichana wa mwaka wa nne, mtu wa Kalamba, kule Makueni. Alikuwa na fimbo nyeupe mkononi na simu shingoni, imening'inizwa kwa kamba. Alisimama mlangoni, akagusa fremu kwa vidole, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kudai haki yake.

"Hapa ndio kwa madam wa website?"

"Ndio hapa. Karibu."

"Asante. Nimekuja kukuambia site yako haiongei na mimi."

Ili mnielewe nilivyoumia, ni lazima niseme nilivyoipenda tovuti hiyo. Chuo chetu hapa Kitui kina siku moja kila mwaka ya kufungulia wageni milango. Wazazi huja na nguo za kanisani, idara hupanga meza zao uwanjani, na alasiri kunakuwa na jukwaa la wanafunzi katika ukumbi mkubwa. Mambo yote ya siku hiyo hupitia kwenye tovuti yake maalum, ambayo ni kazi ya mikono yangu: ratiba, ramani, matangazo, fomu za kujisajili. Nilikuwa nimeipamba nikapamba. Picha kubwa zilipishana zenyewe juu, maandishi yalikuwa ya kijivu laini juu ya rangi ya dhahabu, na ukiifungua tu, vikaratasi vya rangi vilimwagika kama harusini. Wakuu wa idara walinipigia makofi mkutanoni, nikavimba kichwa mwezi mzima.

"Haiongei vipi?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya kukaribisha mgeni.

Akaketi, akaweka simu mezani. Ilikuwa na programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Mtu anapapasa kwa kidole na simu inamtajia kilicho chini ya kidole chake. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa kigeni ambaye Kiswahili alikutana nacho ukubwani. Msichana akafungua ukurasa wangu wa matangazo.

"Picha," ikasema simu.

Akatelezesha kidole.

"Picha."

Akatelezesha tena. "Picha. Kitufe. Picha. Kitufe. Picha."

"Hizo ni notisi ngapi, madam?"

Nikachungulia. "Tano."

"Zinasema nini?"

Nikaanza kumwambia ya kwanza inahusu jukwaa, ya pili inahusu mahali pa kuegesha magari, halafu nikanyamaza katikati, maana nilijisikia mwenyewe ninavyosema. Nilikuwa nikimsomea tovuti yangu kwa mdomo.

Sikukubali hapo hapo. Nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba si angemwomba tu mtu mwenye macho amsomee na amjazie fomu, dakika mbili imekwisha. Hapo ndipo aliponieleza kilichomleta.

Jukwaa lina nafasi kumi na mbili, dakika kumi kwa kila mtu, na wanaowahi kujaza fomu ndio wanaozipata. Fomu hufunguliwa saa tatu asubuhi, na chai ya saa nne hukuta nafasi zimekwisha. Yeye alitaka kupanda jukwaani kuchekesha watu. Hakutaka kingine. Tangu akiwa shule ya msingi alikuwa akiwavunja mbavu wenzake bwenini, na alitaka kujua kama anaweza kuuvunja ukumbi mzima.

"First year nilimwomba rafiki anijazie," akasema. "Akaanza na yake, akimaliza, nafasi zimeisha. Second year roommate wangu akanijazia mapema. Nikamwambia aandike comedy. Akaandika gospel."

"Kwa nini?"

"Eti aliona ni afadhali. Watu hawatajua kama wameruhusiwa kunicheka. Na kipofu akipanda stage, si kila mtu anajua ni kuimba?"

"Wewe unaimba?"

"Madam, sauti yangu inafukuza kuku. Nilijua tu nimepata nafasi, nikapanda na jokes zangu kichwani, halafu mtu wa kinanda akaniuliza, sister, unaanzia key gani? Watu wameshasimama, mikono juu. Ningefanya nini? Niliimba verse moja. Wakalia, madam! Ukumbi mzima ulilia. Wengine walikuja kunishika kichwa waniombee."

Mwaka wa tatu alikataa kumwomba mtu. Alikaa na simu yake kuanzia saa tatu kamili, ikamwambia picha, kitufe, picha, mpaka akasikia wenzake kwenye korido wakishangilia kwamba wamepata.

"Huu ni mwaka wangu wa mwisho," akasema. "Nataka nijaze mwenyewe. Mkono wangu. Niandike comedy."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, ila haikuwa na wa kumwangukia tena, ikanigeukia mwenyewe. Niliona haya usoni mpaka masikioni, nikashukuru kwa dakika moja ya aibu kwamba hanioni. Kisha nikamwambia anisamehe, na nikamwagizia chai.

Kwa nini tovuti yangu ilijaa picha? Kwa sababu ya muhuri. Kwetu tangazo lisilo na muhuri huhesabiwa ni uvumi. Msajili wa chuo, mzee wa kanisa na mtu mpole kwa mengine yote, alikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Katibu wake anapiga chapa tangazo kwenye kompyuta, analitoa kwenye karatasi, mzee anatia sahihi, anaupulizia muhuri pumzi mbili za moto na kuugonga. Kisha karatasi inapitishwa kwenye skana, mara nyingi ikiwa imepinda, na kuletwa kwangu niipandishe. Maneno yalianzia ndani ya kompyuta na kurudi ndani ya kompyuta, lakini yakirudi yalikuwa picha ya karatasi, na simu ya mtu asiyeona haikuwa na cha kusoma. Miaka yote nilikuwa nikiyapokea hivyo bila kuuliza, na kuyazungushia fremu ya dhahabu.

Nikaomba mkutano na msajili, na nikamwalika msichana. Ulifunguliwa kwa maombi, kama kawaida yetu, na maombi yakawa marefu kuliko ajenda. Nilieleza nilichotaka: kila tangazo liandikwe kwa maneno halisi kwenye ukurasa, si kwa picha ya karatasi.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole.

"Madam, mimi sikatai," akasema. "Lakini nikiweka maneno matupu, hawa watoto watasema ni fake. Juzi si mtu alizungusha notisi kwenye simu, eti chuo kinafungwa wiki mbili? Nusu yao walikuwa wameshafunga mabegi. Ni nini kiliwarudisha? Muhuri. Waliangalia, hakuna muhuri, wakafungua mabegi."

Alikuwa na hoja, na jambo hilo liliniudhi zaidi. Nilikuwa nimeshafika kidole cha nne chini ya meza pale msichana alipoinua mkono, kama tuko darasani.

"Sir, naomba unisomee notisi ya juu kabisa. Kwa simu yako."

Mzee akatoa simu, akafungua tovuti yangu. Vikaratasi vya rangi vikamwagika. Akasubiri viishe. Akanyoosha mkono mbali, akaikazia simu macho, akairudisha karibu na pua, akaipeleka mbali tena. Maandishi madogo ya karatasi iliyopinda, na muhuri umeketi juu ya mistari miwili ya katikati.

"Ngojeni nitafute miwani," akasema.

Miwani ilikuwa usoni mwake. Katibu akatazama dari. Mimi nikatazama kikombe changu. Msichana akangoja kwa adabu, kisha akaniinamia na kuninong'oneza, "Ameenda kuitafuta?"

Mzee alimsikia, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Sijaenda popote, msichana wangu. Niko hapa. Sioni tu."

Nilikuwa nimekuja na ukurasa wa majaribio. Nikamfungulia tangazo lile lile, safari hii likiwa maneno halisi, meusi juu ya rangi nyeupe, nikamwonyesha ayatanue kwa vidole viwili. Herufi zikakua. Akayatanua tena.

"Yanaongezeka?"

"Yanaongezeka, mzee, mpaka wewe uchoke."

Akasoma tangazo lake kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma somo la kwanza kanisani, na alipofika mwisho akakunja uso. "Hapa tumeandika ukumbi mdogo. Jukwaa si liko ukumbi mkubwa?" Katibu akaitazama ile karatasi yenye muhuri, akashika kichwa. Lilikuwa kosa la wiki nzima, limetiwa sahihi na kugongwa, na hakuna aliyeliona, hata sisi wenye macho mazima.

Basi tukakubaliana. Maneno yatakuwa maneno, na chini yake utakaa muhuri peke yake, kama picha, nayo itakuwa na maelezo ya kusomwa na simu. Mzee aliniamuru niandike anavyotaka yeye: "Muhuri wa ofisi ya msajili, rangi ya zambarau, umegongwa vizuri, hauna kasoro." Msichana aliposomewa na simu yake, alicheka hadi akaishika meza.

Wiki zilizofuata ninazikumbuka kwa furaha ambayo sikuitarajia katika kazi ya kubomoa. Niliondoa vikaratasi vya rangi, roho ikiniuma. Nikazizuia zile picha kubwa kupishana, kwa sababu kila zikipishana simu yake ilianza kusoma upya kutoka juu. Kila kitufe nikakipa jina. Maandishi ya kijivu nikayazika. Alikuwa akija baada ya kipindi cha mwisho cha alasiri, anaketi kiti cha pili, anapapasa simu, nami namsikiliza anavyokwama. Akikwama, mimi ndiye niliyekosea. Ilinichukua muda kuizoea hesabu hiyo.

Kilichonipendeza zaidi ni kuandika maelezo ya picha. Ya kwanza niliandika, "Wanafunzi wakifurahia." Akaikataa.

"Wangapi? Wanafanya nini? Hiyo furaha umeiona wapi?"

Nikaitazama tena picha niliyokuwa nimeipandisha mwenyewe mwaka mzima uliopita. Nikaandika: "Wasichana watatu wamekaa kwenye ngazi za maktaba wakila hindi moja la kuchoma kwa zamu. Yule wa kati ndiye aliyelishika, na haonekani kutaka kulipitisha."

Akatabasamu. "Sasa hiyo nimeiona."

Tangu siku hiyo nikawa na maradhi ya kueleza kila kitu. Mume wangu alichoka kusikia chakula chake kikitangazwa kabla hajakila. Mlinzi wa lango naye alinisimamisha kunishukuru, kumbe kioo cha simu yake kimepasuka katikati, na tangu maandishi yawe makubwa anaweza kuyasukuma upande usiopasuka akasoma ratiba.

Chuo kikafungwa kwa likizo fupi kabla fomu yenyewe haijakamilika. Sikutaka kuijaribu kwenye mtandao wa ofisini, ambao ni wa kasi na hudanganya. Nilitaka kuijaribu anakoishi mtu, mahali ambapo unapanda kwenye jiwe fulani ndipo ujumbe uondoke. Nikawasha kigari changu asubuhi, nikapitia Kanyangi, nikavuka kuingia Makueni, na kufika Kalamba vumbi likiwa limenifanya mzee wa kijiji.

Mama yake alinipokea barazani akipepeta ndengu kwenye uteo. Ni mama mrefu, mtulivu, wa kwaya. Aliniita mwalimu, kwa kuwa kwake kila anayetoka chuoni ni mwalimu, nami sikumkosoa.

"Mwalimu, nimesikia unamsaidia huyu apande mbele ya watu," akasema. "Mimi sijakataa. Lakini watamcheka."

"Mwaitu, hiyo ndiyo kazi," akajibu binti yake kutoka ndani, akimwita mama kwa Kikamba chetu.

Mama hakucheka. Aliendelea kupepeta. "Nilipomzaa hivi, kuna watu walimcheka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Si kicheko cha kuita. Sasa yeye anaenda kukiita mwenyewe." Nilichukua kiganja cha ndengu kutoka kwenye uteo, nikaanza kuchagua mawe pamoja naye.

Msichana akaja na simu, tukaanza. Jina, sawa. Nambari ya mwanafunzi, sawa. Akafika mahali pa kutia alama kama una ulemavu, akatia, akaendelea, na mara akasimama.

"Madam, hapa kumetokea swali jipya. Jina la msaidizi wako. Na inasema ni lazima."

Hilo lilikuwa langu. Nililiweka mimi, miaka kadhaa iliyopita, na nakumbuka nilivyojisikia mwema nikiliweka. Fomu haikukubali kuendelea bila jina la mtu mwingine.

"Ukiweka langu?" nikauliza kwa kujikosha.

"Msaidizi wangu wa mwisho aliniandikia gospel."

Nikalifuta pale pale barazani, kompyuta ikiwa mapajani, baada ya kusimama kwenye jiwe dakika kumi nikitafuta mtandao. Akaanza upya, akapita. Kwenye orodha ya aina za maonyesho simu ikamtajia nyimbo za injili, mashairi, ngoma, vichekesho. Aliposikia vichekesho akapiga kioo kwa kidole kama anaua mbu. Kisha tukafika mwisho kabisa, kwenye kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti.

"Picha," ikasema simu. "Picha. Picha."

Nilikuwa nimekisahau kabisa. Zilikuwa picha tisa ndogo, na swali lilitaka uchague zote zenye taa za kuongozea magari. Nikaichukua simu nijaribu mwenyewe, nikachagua, ikanikatalia. Nikachagua tena, ikanikatalia. Mama akaweka uteo chini, akasogea, macho yake yakiwa mazuri kuliko yangu.

"Hizo taa ziko wapi?" akauliza. "Za barabara gani?"

Nikamweleza ni taa za mjini, nyekundu na kijani. Akazitazama sana, akaonyesha mlingoti wa stima. Tukachagua mlingoti. Ikakataa.

"Kwa hivyo sisi watatu ni roboti," akasema msichana. "Mwaitu, hukuniambia."

Mama akageuza uso, akarudi kwenye ndengu zake, na sikuweza kujua kama mabega yake yalitikisika kwa upepetaji au kwa kitu kingine. Mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Mahali pa zile picha niliweka swali la maneno: baada ya Jumamosi kunakuja siku gani? Hakuna mtu wa huku, mwenye macho au asiye nayo, atakayeshindwa na swali hilo.

Asubuhi ya kufunguliwa kwa fomu nilikuwa ofisini kabla ya saa mbili. Msajili naye akaja, akavuta kiti nyuma yangu, eti anapita tu. Saa tatu kamili nikafungua. Kwenye kompyuta yangu majina huingia moja moja yanapotumwa, na mimi peke yangu ninaweza kuyaona, kuyaongeza na kuyaondoa.

La kwanza likaingia kabla sijatoa mkono kwenye kipanya. La pili, la tatu, la nne. Wacheza ngoma. Mshairi. Injili, injili. Nilijua mahali alipokaa wakati huo: kwenye benchi nyuma ya maktaba, mahali mtandao unapokamata vizuri, na nilikuwa nimemwahidi sitamkaribia. La saba. La nane. Jina lake halimo.

"Si umwongeze tu?" akasema mzee. "Wewe unaweza. Andika tu hapo. Nani atajua?"

Nilikuwa nimeshaweka vidole kwenye herufi. Nawaambia ukweli, herufi mbili za kwanza za jina lake nilikuwa nimezipiga. Ningeandika sahihi kabisa, ningeandika vichekesho, na nafasi ingekuwa yake. Kisha nikajiona nilivyokaa: mtu mwema mwingine anayemjazia fomu. Nikazifuta zile herufi mbili. Nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa, nikaiweka chini ya mapaja na kuikalia, na mzee akanitazama kama nimepagawa.

La tisa. La kumi. Nilimwomba Mungu kwa Kikamba, kwa sababu kwa Kiswahili nilihisi ninachelewa.

La kumi na moja likaingia. Jina lake. Nambari yake. Vichekesho. Kwenye nafasi ya maelezo zaidi, ambayo watu huiacha tupu, alikuwa ameandika: "Sihitaji mtu wa kinanda."

Niliruka kutoka kwenye kiti nikapiga kelele iliyomtoa katibu ofisi ya tatu. Mzee wa kanisa alinishika mikono yote miwili, tukazunguka pale kati ya meza na kabati la faili, watu wazima wawili, na sikuona haya hata kidogo.

Siku yenyewe ilipofika, ukumbi mkubwa ulijaa hadi madirishani. Mama yake alikuwa mstari wa tatu, kitambaa cha kwaya kichwani, mkoba umekumbatiwa kifuani kwa nguvu. Mimi nilikaa kando, karibu na meza ya mpima dakika, kijana wa chama cha wanafunzi mwenye kadi mbili za kumwonyesha aliye jukwaani, ya njano ya kuonya na nyekundu ya kumaliza.

Msichana akapanda kwa fimbo yake, akakataa mikono mitatu iliyomkimbilia, akakipata kipaza sauti mwenyewe.

"Siku yangu ya kwanza hapa Kitui," akaanza, "mtu alinishika mkono kwa nguvu akanivusha barabara. Akanibariki, akaenda zake. Mimi nikasimama kule ng'ambo nikingoja mtu mwingine mwema anirudishe, kwa sababu nilikuwa nimeshafika."

Kimya. Ukumbi mzima kimya, mamia ya watu wameshika pumzi kwa huruma, na kutoka nyuma mwanamke mmoja akasema kwa sauti nzito ya uchungu, "Pole sana, mama."

Nilimtazama mama yake, na alikuwa amefumba macho. Msichana akageuza sikio kule sauti ilikotoka.

"Nani amesema pole?" akauliza. "Watu wangu, hiyo ilikuwa joke. Chekeni bila wasiwasi. Fomu nilijaza mwenyewe."

Kicheko kilianzia mahali fulani kulia, kikavuka ukumbi, kikapanda madirishani. Watu walicheka kile cha barabara ambacho walikuwa wamekizuia, kisha wakacheka kile kipya juu yake. Yeye akasubiri, akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua ikigonga mabati na anajua shamba lake limepandwa. Akahamia kwenye kisa cha roommate na mtu wa kinanda. Akahamia kwa wale wanaopaza sauti wakiongea naye, eti macho na masikio ni kitu kimoja. Mama yake alikuwa ameinama mbele na mkoba umeanguka chini, anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa, mabega yakiruka, na wanawake wa pande zote mbili wamemwegemea wakicheka naye.

Dakika ya tisa, kijana wa kadi akainua ya njano. Ya kumi, akainua nyekundu. Msichana akaendelea. Kijana akaiinua juu zaidi. Akasimama, akaipunga. Akapanda juu ya kiti chake akaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, akinitazama mimi kwa macho ya kuomba msaada.

Wiki zote zile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kadi nazo haziongei. Nilijua la kufanya. Nilihitaji tu kutembea hatua sita na kumgusa bega. Nilimtazama yule kijana juu ya kiti, nikamtazama msichana akianza hadithi nyingine, nikaegemea kiti changu na kukaa vizuri.